Kiwiko cha Mwalimu Rehema

Siku niliyopigwa kiwiko cha tumbo na mwanamke chini ya bahari, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Marehemu mke wangu Somoe anisamehe kwa kusema hivyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akilisema kabla yangu, tena mbele ya wageni. Bila kiwiko kile, alikuwa akisema, harusi yenyewe isingekuwapo, maana bwana harusi angekuwa amepasuka.

Somoe ametutoka mwaka jana, mikorosho ikiwa katika maua. Nitakuja huko. Kwanza twende baharini.

Mimi ni mtoto wa Msimbati. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya walimu, lakini pweza niliwajua. Kwetu pweza ni kazi ya pumzi. Unavuta pumzi moja, unaiziba, unazama mpaka kwenye mwamba, unachungulia tundu kwa tundu. Anayeziba muda mrefu ndiye mwanamume. Sipendi kujisifu, wala sipendi kusema uongo: nilikuwa naziba mpaka wenzangu juu wanaanza kugawana nguo zangu. Na pweza ukishamshika humpi nafasi ya kufikiri. Unamuuma palepale, katikati ya macho, analegea. Ndivyo walivyofanya baba zetu, nasi tukafuata.

Basi Mikindani pakafunguliwa kituo cha kuwazamisha wageni waje waone matumbawe yetu. Mwalimu wao alikuwa msichana wa Tanga, Rehema, mfupi, mkimya, mwenye mikono kama ya mtwanga muhogo. Akasema anataka kijana mmoja mwenyeji, amfundishe kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, akifaulu aajiriwe kuongoza wageni. Nikajitokeza mimi. Si kwa sababu ya wageni. Kwa sababu ya Somoe.

Unajua kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Baba anazaa, mjomba anasema. Na mjomba wake Somoe, Mzee Liponda, alikuwa msemaji kwelikweli. Mtu wa bara, wa korosho na muhogo, bahari aliitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Nilipokwenda kumweleza kazi yangu mpya, alinisikiliza huku amefumba jicho moja.

"Unashuka chini na mtungi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Samaki unawaona?"

"Wengi sana, mjomba."

"Halafu?"

"Halafu tunapanda juu."

"Na nini?"

"Mikono mitupu, mjomba. Pale hapavuliwi, ni hifadhi."

Akamgeukia dada yake, mama yake Somoe. "Huyu anakwenda sokoni kusalimia nyama."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwani mchumba hana haki ya kununa. Lakini alipomaliza kucheka alisema neno ambalo halikuwa na mzaha. Alisema siku ya mtihani wangu atakuja mwenyewe aione kazi hiyo kwa macho yake. Nikifaulu tutapanga siku. Nikishindwa, yuko bwana mmoja wa Kilambo mwenye duka la saruji, ameshatuma mshenga, na saruji haiharibiki kama pweza.

Nikarudi kwa Mwalimu Rehema nikajifunza kwa bidii zote. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: "Usizibe pumzi. Vuta, toa. Vuta, toa. Hata ukilisahau jina la mama yako, usisahau kupumua."

Nilimwitikia kwa kichwa. Moyoni nilimwonea huruma. Nilisema, masikini, watu wa Tanga hawajui kuziba, ndiyo maana wanapumua ovyo. Mimi ile hewa ya mtungini niliiona kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: mtu mwenye akili anatumia kidogo. Basi kila alipogeuka, nilivuta mara moja, nikaziba, nikakaa nayo weee, ndipo nikavuta nyingine. Tulikuwa kwenye maji ya kina kifupi, pametulia, hatupandi wala hatushuki, basi sikudhurika. Tukitoka, mtungi wangu umebaki na hewa nyingi kuliko wake. Nilikuwa nangoja anisifu. Mazoea yana taabu, mwanangu, na taabu yake kubwa ni kwamba huyaoni. Yamevaa nguo zako.

Siku ya mtihani ikafika. Mzee Liponda alipanda boti na kanzu yake, na juu ya kanzu akavalishwa jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa, akalikumbatia kama amepewa mtoto wa watu. Mwendesha boti alikuwa Faraji. Faraji ni Myao, mtani wangu, na wewe unajua mtani hana simile.

"Mzee, shika vizuri hapo," alisema Faraji. "Huyu Mmakonde akifa leo, kumzika ni juu yetu watani, na mimi sabuni ya kumwoshea sina."

"Nyamaza wewe," Mzee Liponda akamjibu. "Nyie Wayao maji mnayajua ya mtungini tu."

"Na huyu naye anakwenda na mtungi, mzee!"

Hata Mwalimu Rehema alicheka. Kisha tukajirusha majini, yeye na mimi.

Ningependa kukwambia kwamba niliutazama uzuri wa kule chini, matumbawe yale kama mashamba yenye maua, samaki wa kila rangi. Ukweli ni kwamba nilitazama matundu. Macho yangu hayakujua kazi nyingine. Na katika tundu la tatu au la nne nikamwona yeye. Pweza, mwanangu! Mkubwa kiasi kwamba angeweza kutuma mshenga na yeye.

Sikuamua kumshika. Mkono ulikwenda wenyewe. Alipokuja akanikamata mpaka kwenye kiwiko, akanitazama, nami nikajua kinachofuata ni kumuuma. Lakini mdomoni nilikuwa na ule mpira wa kuvutia hewa. Basi nikautema. Niliutoa mdomoni taratibu kabisa, kama mtu anavyotoa mswaki chakula kikiletwa, nikauacha uelee, nikamuuma.

Wino ukatoka, sikuona kitu. Nilichouma hakikuwa pweza. Nilikuwa nimeuma kifundo cha mkono wangu mwenyewe.

Sasa hapo, kifua kimejaa hewa ya mtungi, mdomo nimeufunga, maumivu yananiwasha, nilifanya lile nililolifanya tangu utoto: nilipiga miguu kwenda juu kwenye mwanga, pumzi nimeibana kama kawaida ya wanaume.

Sikufika. Mtu alinikamata mguu, akanivuta chini. Nikageuka kumtazama, na hapo ndipo kiwiko cha Mwalimu Rehema kilipoingia tumboni mwangu. Hewa yote ilinitoka, mapovu yakaenda juu kama sufuria ya wali inayochemka. Kisha akanishindilia mpira mdomoni, akanishika ukosi kama paka, tukapanda polepole. Kila nilipojaribu kuziba ananifinya.

Tulipoibuka na kupandishwa botini, mimi nilikuwa napiga kelele na pweza bado yuko mkononi. Mzee Liponda kumwona yule pweza, akasahau kwamba anaogopa, akasimama.

"Alaa! Kumbe kazi yenyewe nzuri! Mbona hukusema, mkwe?"

Aliniita mkwe. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini Mwalimu Rehema alikuwa amenishika kidevu, ananichungulia machoni.

"Kifua kinauma?"

"Tumbo ndilo linauma! Umenipiga wewe!"

"Jina lako nani?"

"Jina langu si unalijua!"

"Litaje."

"Bakari!"

"Unaona kizunguzungu?"

"Naona hasira!"

"Mwalimu, mwache kijana," alisema Mzee Liponda kwa sauti ya ndugu. "Amefaulu. Huoni pweza?"

"Ameshindwa, mzee."

Pweza naye, ambaye sikumuuma hata kidogo, aliona ndio wakati wake. Akaniachia mkono, akapanda juu ya kanzu ya Mzee Liponda, akaacha wino wake wote pale kifuani chini ya jaketi, akajitupa baharini. Faraji alilala chali kwa kicheko hadi usukani ukamponyoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona saruji.

Mwalimu Rehema akainuka. Alichukua puto kwenye mkoba wake, la watoto, jekundu, akatuambia tutazame ubavuni mwa boti, akazama tena. Kule chini akalijaza pumzi yake, akalifunga, akaliachia. Tukaliona linakuja. Lilikuwa kama embe, likawa kama nazi, likawa kama tumbo la mtu aliyeshinda kwenye ubwabwa wa maulidi. Nalo linakuja tu, linakua tu, na lilipokaribia kabisa uso wa maji likapasuka pwaa! Mzee Liponda akajikuta amempakata Faraji.

Mwalimu alipoibuka, alisema maneno machache. "Mzee, hilo ni pafu lake. Anapozama na pumzi moja, hewa ameivuta huku juu, akirudi juu inarudi kipimo chake kilekile. Hii ya mtungini ameivuta kulekule chini, imebanwa. Akiifungia akapanda nayo, inavimba. Haijui kama yeye ni mwanamume."

Mkono wangu nikauweka kifuani bila kujua. Hasira yote ikaniishia. Nilikuwa nimebeba kifo changu kwa fahari, nangoja nisifiwe.

Tulipofika ufukweni Mzee Liponda alishuka kwanza. Alivua jaketi, akautazama wino kwenye kanzu yake, akanitazama mimi.

"Umemwambia asante?"

"Bado, mjomba."

"Amekupiga akiwa anakuokoa. Mimi ningekuwa na kiwiko kama kile, nisingekuwa na wakwe wapumbavu." Akakaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa. "Sikiliza, mtoto. Mtu akizaliwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kulia. Anatoa. Asipotoa, wakunga wanampiga. Wewe umekua, ukasifiwa kwa kuziba, ukadhani ndiyo akili yote. Nenda kwa mwalimu ukaanze upya. Yule wa saruji nitamwambia asubiri korosho ziishe."

Nikamwendea Mwalimu Rehema, nikamwambia asante na samahani, nikaomba anianzishe mwanzo. Alinianzisha mwanzo kweli. Alinifanya nigune ninapopanda, mmmm, kama mtu anayembembeleza mtoto, kwa sababu anayeguna hawezi kuziba. Mtaani wakasema Bakari amechanganyikiwa, anaimbia samaki. Waliopata hasara ni wao: korosho hazijaisha, nilifaulu, nikaajiriwa, na yule bwana wa Kilambo akabaki na saruji yake. Kazi ile nimeifanya mpaka masikio yakachoka na uzito wa maji.

Sasa nirudi nilipokuahidi.

Somoe alipofariki, watu walijaa hapa nyumbani Likombe. Nilikaa jamvini nimenyoosha mgongo, kila anayenipa pole namjibu vizuri, sidondoshi chozi. Nikasikia wanasifu. "Bakari ni mwamba," walisema. Na mimi, mtu mzima, nikaipenda ile sifa. Siku zikapita. Wanangu wananiletea chakula, naonja, narudisha. Kifua kizito, nakibana, nakaa nacho weee.

Ndipo Faraji alipofika, alikuwa safarini Masasi. Alipita moja kwa moja kama haki ya mtani ilivyo, akaninyang'anya kofia akaivaa, akanisukuma pembeni, akakaa mahali pangu mimi mfiwa, akaanza kupokea pole za watu.

"Nashukuru, jamani, nashukuru," alisema huku anajifuta macho makavu. "Somoe wangu kapumzika. Umri wote kalala na Mmakonde anayekoroma kama pantoni la Kilambo limekwama mchangani. Mwacheni sasa alale."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli, nakoroma. Nikacheka, na kicheko kikafika mahali kikageuka, nikalia. Nililia mbele ya wakwe na wanangu na imamu, makamasi na kila kitu, sikuona haya. Niliponyanyua kichwa, Faraji naye macho yake hayakuwa makavu tena.

Siku ile nilikula ugali wote.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, wala sina nyingine kubwa kuliko hii. Ujuzi ulioupata katika kazi moja usiuingize mzimamzima katika kazi nyingine. Uvue mlangoni kama viatu, uulize kwanza. Ukikutana na mwalimu, awe mdogo kwako, awe mwanamke, awe wa Tanga, msikilize kwa tumbo lako pia, si masikio peke yake. Na wakikusifu kwa kubana, hofia sifa hiyo. Uchungu ulioupata chini kabisa usipande nao umeufungia. Utoe njiani, kidogo kidogo, kwa maneno, kwa kicheko, kwa machozi, kwa kuguna ikibidi. Watakaokuita mwamba hawatakuwapo siku utakapopasuka.

Mungu akupe umri na riziki ya halali. Akupe mke au mume wa kukutania mbele ya wageni. Na siku utakapofikwa na lile linalotufika sote, akupe watu wa kukaa nawe jamvini mpaka umalize kulia. Amin.