Vidole Vitatu vya Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Mbulu mjini, nilimwamkia Fundi Mkuu shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha papo hapo akauliza, "Hiyo bolti nani kakaza?" Nikasema sijui. "Basi imelegea. Bolti usiyoikaza mwenyewe usiiamini." Neno hilo nililishika sana. Vijana wananiita mzee wa mashaka, waniite tu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kunyanyua magari madogo. Watumishi wanapangiwa huku na vigari vyao vya lami, barabara zetu ni mawe na makorongo. Tulikuwa tunakata bomba nene la chuma, tunapata spesa, ile ya kuweka juu ya shokapu ili gari liinuke. Lakini gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina masharti yake. Ukilinyanyua mno, shafti inayozungusha gurudumu inalala upande, inakuwa fupi, mwisho inachomoka kwenye gia boksi. Hapo injini inanguruma tu na gari haliendi.

Baadaye nikahamishiwa gereji yetu ya Katesh, mimi na mchomeleaji mmoja. Akaja mkunga wa zahanati moja huko Dirma, mama wa kutoka Tanga. Gari lake lilikuwa linasaga tumbo kwenye mawe, naye ndilo analobebea wajawazito. Nikampigia simu Fundi Mkuu. "Vidole vitatu," akasema. "Usizidishe hata kidogo!"

Nikalaza vidole vitatu juu ya bomba, nikachora kwa chaki, mchomeleaji akakata.

Wiki mbili hazijaisha, shafti ikachomoka. Nikamshuku muuza spea kwamba kaniuzia feki. Nikaweka nyingine, ikachomoka tena. Nikamgeukia mkunga: "Mama, unapakia mahindi humu?"

"Fundi, una adabu wewe? Mimi nabeba wazazi, sibebi magunia!"

Basi nikabaki na mchomeleaji. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, huyu ananilegezea bolti anichukulie wateja. Nikafungia spana zangu kwenye sanduku, nikamwambia usoni kuwa ni yeye. Akavua glovu, akaondoka bila kuaga.

Mara ya tatu ilichomokea kwenye mlima, asubuhi, mama mwenye uchungu yuko kiti cha nyuma. Akajifungulia kwenye nyasi kando ya njia, mkunga kamtandikia khanga yake. Mtoto alilia, Mungu ni mwema. Lakini mkunga aliponipigia simu nikaogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Fundi Mkuu akaja kutoka Mbulu. Hakuuliza mtu. Alifungua spesa, akaitazama, akasema, "Lete mkono."

Akaweka mkono wake kando ya wangu. Aisee! Vidole vyake vyembamba kama vya mwalimu. Vyangu vimenenepa kwa jembe la kijijini kwetu Tumati tangu utotoni. Vitatu vyangu vilikuwa karibu vinne vyake.

"Umemshuku nani?" akauliza.

"Wote, bosi."

"Na huu mkono?"

Nilijisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilikwenda mwenyewe Dirma kumwomba mkunga radhi. Alinisikiliza, akanipa chai, hakusema amenisamehe. Mchomeleaji nilimfuata mara mbili. Nasikia yuko Getanuwas na ana gereji yake. Tukikutana mnadani anageuza shingo.

Sasa nimestaafu, na vijana wakija kuniuliza habari za vidole vitatu nawafukuza wakatafute futi. Yule mkunga aliendelea kuniletea gari lake miaka yote, kwa sababu Katesh hakukuwa na fundi mwingine. Kila alipokuja alitoa mkobani rula ya shule, akaipima spesa mwenyewe, akaipima tena, ndipo akanikabidhi niifunge. Mimi nilisimama pembeni nikingoja, mikono nimeiweka nyuma.