Mwaka wa mafua, mfarishi wangu wa harusi ulivyozunguka nyumba nane

Wakuu, salaam aleikum. Wengi wenu humu ni wajukuu zangu kwa umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjazitoa.

Naandika mwenyewe, kidole kimoja, miwani puani. Atakayesema hii ni chai ya kutunga, namkaribisha kwetu Munje aje autazame huo mfarishi kwa macho yake. Upo sandukuni, haujaenda popote.

Juzi nimewasoma mkilalamika jinsi lockdown ya korona ilivyowatenganisha na vikundi vyenu. Mlikuwa na simu, mna data, mna video call, na bado mligombana. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Sisi tulifungiwa miaka ya hamsini, mwaka wa mafua makubwa. Simu hatukuwa nayo. Ugomvi tulikuwa nao wa kutosha.

Kwa wale wa bara msioujua mfarishi: ni kama godoro jembamba la kutandika kitandani. Juu ni vipande vya leso kuukuu vilivyounganishwa, chini ni kitambaa cha marekani, katikati ni sufi. Kisha unashonwa safu kwa safu, tabaka zote tatu pamoja, ili sufi isikimbilie pembeni.

Kwetu kulikuwa na chama cha akina mama cha kushona mifarishi ya maharusi. Wanachama wanane. Mwenyekiti alikuwa Bi Zuhura, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na kwa bahati yangu, ndiye aliyekuwa awe mama mkwe wangu.

Mama yangu mzazi alikuwa mwanachama. Alikuwamo pia Bi Mwanakombo, jirani yetu, ambaye yeye na mama walipendana sana mbele za watu.

Na alikuwamo Nyamvula. Huyu alikuwa mtu wa Mackinnon Road, mumewe amekuja kufanya kibarua cha kukata miwa. Nimesema wanachama wanane, Nyamvula hakuhesabiwa. Kazi yake ilikuwa kuchambua sufi, kutoa mbegu, kupiga chafya na kuwatungia sindano wale ambao macho yao yalikuwa yameanza kuchoka lakini hawataki ijulikane.

Desturi ya chama ilikuwa hivi. Kila mama ana safu yake moja. Siku ya harusi mfarishi unatandikwa mbele ya wanawake wote, kila mmoja anakuja kuonyesha safu yake, anasema "huu ndio mkono wangu", bibi harusi anaubusu mkono ule na kuombewa dua.

Bila mfarishi hakuna harusi. Hiyo ilikuwa sheria ya Bi Zuhura, na Bi Zuhura hakuwa mtu wa kukatiwa rufaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokuwa.

Mchumba wangu, Athumani, alikuwa amepata kazi Unguja. Aondoke mwisho wa mwezi uliofuata, ndoa iwepo au isiwepo. Na mama yake alikuwa na mpwa wake huko Vanga, msichana mweupe, anajua kupika, sifa zake tulikuwa tukiletewa kila wiki bila kuziomba. Athumani akiondoka hajaoa, mimi nilijua atakayepelekwa Unguja ni nani.

Nilikuwa nampenda Athumani. Nasema wazi, nina haki ya kusema, yeye ameshatangulia na mimi sioni haya tena.

Basi mafua yakaingia. Watu wakawa wanaanguka nyumba nzima nzima. Chifu akapitisha amri: hakuna ngoma, hakuna maulidi, hakuna kukusanyika.

Mfarishi wangu ulikuwa ndiyo kwanza umeunganishwa na kujazwa sufi. Haujashonwa hata safu moja.

Bi Zuhura akatoa tangazo. Chama hakivunjiki kwa sababu ya mafua. Mfarishi utazunguka nyumba kwa nyumba, kila mama siku nne, ashone safu yake, kisha aufunge furushi aupeleke kwa mwenzake. Furushi linaachwa barazani, unapiga hodi, unarudi nyuma hatua kumi.

Ilikuwa vichekesho. Unasikia:

"Hodi! Furushi hilo!"

"Karibu, mwenzangu, karibu! Lakini usikaribie!"

Kisha wanasimama, mmoja barazani, mmoja chini ya mnazi, wanasalimiana robo saa kwa kupiga kelele. Siri zote za Munje zilitoka hadharani mwaka ule. Ndani ya furushi mtu anaweka ndimu, mwingine karafuu za kunusa, mwingine kisahani cha kaimati. Mtu anasema, mashallah, chama kimeshikana.

Kimeshikana wapi!

Furushi lilipofika kwetu lilikuwa limeshapita nyumba nne. Mimi nilikuwa nimewekwa ndani kama mwari, sina kazi, nikamsaidia mama kulifungua. Tukautandika mfarishi. Tukatazama.

Safu moja tu. Ya Bi Mwanakombo.

Mama akasema, "Hebu tazama wavivu hawa. Nyumba nne, safu moja! Na safu yenyewe sasa, mishono mirefu utadhani anashona tanga."

Nikasema, "Mama, na hivi vitundu ni vya nini?" Kwa maana nguo ilikuwa na vitundu vya sindano, mistari mitatu iliyonyooka, haina uzi.

Mama akatazama kando. Halafu akaniambia nimletee wembe.

Wallahi, wakuu, mama yangu mzazi, mwanamke wa sala tano, alikaa mkekani akaifumua safu ya Bi Mwanakombo mshono mmoja baada ya mwingine, huku akisema ananihurumia mimi mwanawe nisije nikaaibishwa ukweni. Nyuzi nilizifagia mimi. Kisha akashona safu yake, kwa mkono wake wa mshazari, akaipiga pasi kwa kiganja, akaridhika.

Nilicheka. Nilikuwa mjinga, nilicheka. Baadaye nikapiga hesabu ya vitundu na kicheko kikanikauka.

Kila mmoja alikuwa amemfumua aliyemtangulia! Na kila mmoja aliamini kuwa yake mwenyewe imebaki, na kwamba waliokuja kabla hawakufanya kitu. Kwa mwendo huo mfarishi ungezunguka mpaka kiama.

Nikamwambia mama. Akaniuliza, "Nani wa kunifumua mimi?"

Aliyemfuata alimfumua siku ile ile furushi lilipomfikia.

Furushi likaendelea. Mwisho likafika kwa Bi Zuhura, wa nane. Naye akakuta safu moja, akaitia wembe kama mwenye chama. Kabla hajatunga sindano, mafua yakamwangusha.

Wiki tano. Mfarishi ulikuwa mtupu kama ulivyoondoka. Athumani alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili.

Nililia, msione haya kwa niaba yangu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimlilia Athumani, nikamlaani msichana wa Vanga ambaye maskini hakunifanyia kitu.

Wakati huo nusu ya chama walikuwa kitandani, mama yangu akiwa mmoja wao. Na wazima wakaanza kusema furushi lile lina homa. Limepita nyumba zote, limebeba mafua yote. Hakuna aliyetaka kuligusa. Ndimu zao na karafuu zao wakazisahau.

Bi Zuhura kutoka kitandani akaamuru lipelekwe kwa Nyamvula. Si kushona, la! Kuanikwa juani tu, homa itoke.

"Yule wa bara hashikwi na mafua," akasema. Hayo ni maneno ya mwanamke mwenye akili timamu.

Nyamvula alikuwa na watoto wawili wanaumwa chumbani, wakati huohuo ndiye aliyekuwa akipita na uji na maji kwa wale mabibi waliolala. Ndiye aliyemlisha mama yangu. Watu wa kusimama hatua kumi hawakuonekana tena. Yeye aliingia mpaka ndani akamwinua kichwa.

Siku ya saba akaja dirishani kwangu na furushi.

"Mwari, tazama," akasema.

Nikalivuta, nikaufungua mfarishi. Safu nane. Nane, wakuu! Mishono mirefu ya Bi Mwanakombo. Mshazari wa mama yangu. Ile midogo midogo ya Bi Zuhura, kama mchele uliopangwa. Kila mkono mahali pake.

Nikadhani nimepandwa na homa.

"Umefanyaje?"

"Vitundu vyote vilikuwapo," akasema. "Nimevifuata tu. Ya Bi Zuhura haikuwa na vitundu, lakini nimemtungia sindano miaka mitatu, mkono wake naujua."

Akanionyesha pia pindo. Katika fujo yote ile, hakuna aliyekuwa amekumbuka pindo, na mfarishi usio na pindo unamwaga sufi wiki ya kwanza. Alikuwa amelikunja akalishona pande zote nne kwa uzi aliouchomoa kwenye gunia la unga, maana uzi mweupe wa chama ulikuwa umemwishia. Ukitazama kwa karibu ulikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyochujwa mara ya pili.

Nikasema nitawaambia wote. Nilikuwa tayari kupiga kelele kupitia dirishani.

Akanizuia. "Usiseme, mwanangu. Wakijua ni mimi, watafumua tena zote nane."

Hakucheka aliposema hivyo. Wala mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mafua yakalegea, chifu akalegeza. Harusi ikafanywa siku tatu kabla ya safari. Wanawake wakajaa nyumbani kwa Bi Zuhura, mfarishi ukatandikwa.

Laiti ningekuwa na hizi simu zenu nikapiga picha nyuso zile!

Mama yangu akaiona safu ya Bi Mwanakombo, ile ile aliyoifumua kwa wembe, iko pale imetulia. Mkono ukaenda mdomoni. Bi Mwanakombo naye akaiona ya yule aliyemtangulia, akarudi nyuma akakanyaga mtoto wa watu. Mzunguko mzima hivyo hivyo. Kila mmoja anatazama safu aliyoiua mwenyewe, imefufuka, na hawezi kuuliza bila kujitaja.

Mmoja akasoma Ayatul Kursiyyu chini chini.

Kisha Bi Zuhura, ambaye hakuwahi kushona hata mshono mmoja kwenye mfarishi ule, akaiinamia safu yake. Akaitazama. Nikaona ameutambua mkono wake, na nikaona anajiuliza. Halafu akanyoosha mgongo.

"Huu ndio mkono wangu," akasema. "Niliushona na homa yangu."

Vigelegele!

Hapo wakafunguka wote. Huu mkono wangu, huu wangu. Nikabusu. Nikabusu. Mama yangu pia akaja, bila kunitazama usoni, nikaubusu mkono ulioniomba wembe.

Shangazi mmoja mgeni akauliza, "Na pindo hili zuri, la nani?"

Wakatazamana. Bi Zuhura akasema, "Pindo ni la chama."

Nyamvula alikuwa mlangoni amebeba sufuria la pilau, alikuwa anapika nyuma tangu alfajiri. Alisikia. Akaingia kupitisha sufuria, akapita karibu yangu kabisa. Nikanyoosha mkono niushike wake niubusu, mbele yao wote, liwe litakalokuwa.

Akaufumbata mkono wake. "Mkono huu unanuka kitunguu, mwari," akasema, taratibu.

Alinipa njia ya kutokea, nami nikaishika. Niliurudisha mkono wangu haraka, nikatazama kama kuna aliyeona. Hakuna aliyeona. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na hiyo ndiyo shukrani ninayoionea haya mpaka leo.

Siku tatu baadaye nikaenda Unguja na mume wangu na mfarishi wangu. Niliporudi Munje, mwaka wa pili, miwa ilikuwa imekwisha kukatwa na Nyamvula alikuwa amerudi kwao. Niliuliza. Chama wakaniambia, "Nyamvula yupi?"

Zile safu nane zimelegea, nimezirudia mara tatu. Pindo sijaligusa. Uzi wa gunia umeshika.

Mtasema mbona nimekaa na siri hii miaka yote hii. Nitawaambia. Mwezi uliopita walikuja vijana wenye kamera kupiga picha kazi za zamani za akina mama. Wakauliza nani walioushona. Nikawatajia majina manane, kwa mpangilio, na sauti ya fahari. Walipoondoka ndipo nikajisikia. Bibi mzima, wamekufa wote wanane, na bado namwogopa Bi Zuhura.

Nilichojifunza ni kidogo. Chama chetu kilivuka mafua, ndiyo, na watu walikisifu sana kwa mshikamano. Mimi nilikuwa ndani, nikiwa na fagio mkononi, najua kilichotushika.

Haya, uwanja ni wenu. Mkitaka kunitukana kwa kunyamaza, tukaneni, nimeshakaa. Lakini sitaki mniandikie habari za wenyeviti wenu na ma-admin wenu, hao wanajitaja wenyewe.

Niandikieni aliyeshona pindo kwenu. Jina kamili, si "dada mmoja hivi".

Naanza mimi: Nyamvula, wa Mackinnon Road.