Zahoro Alivyoitwa Fomati

Siku hizi ukifika mtaa wa Kwa Mathias, Kibaha, ukamuulizia Zahoro fundi wa kuchomelea, wengi watakuambia hawamjui. Muulizie Fomati, utapelekwa mpaka mlangoni.

Ni mtu wa Maneromango, kule Kisarawe; mrefu, mpole, mikono imejaa makovu madogo madogo ya cheche. Alihamia Kibaha kufuata kazi, akamwacha mkewe Anifa kwa mama yake, na mwisho wa mwezi hupanda gari kwenda kuwaona. Karakana yake ipo nyuma ya maduka ya barabara ya Morogoro. Anatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Hanywi, havuti, na mpira haumsisimui. Kilichomshika ni gemu.

Ilianza siku alipoitwa kutengeneza mlango wa banda la gemu la Stellamaris, mama mmoja wa Moshi aliyeolewa Kibaha akaachika, akabaki na banda. Zahoro alimaliza mlango, akaupaka rangi, na wakati anasubiri ikauke Stellamaris akampa pedi ya kuchezea gemu ashike ili asichoke kukaa. Rangi ilikauka, yeye hakunyanyuka.

Gemu lenyewe lilikuwa la magari, aina ile isiyokuwa na njia moja tu. Dunia nzima iko wazi mbele yako: mji, milima, jangwa, ufukwe. Ukitaka kushindana unashindana, ukitaka kutembea unatembea. Zahoro alipenda sehemu moja yenye vilima na udongo mwekundu. Alikuwa akiendesha huko peke yake, polepole, kama mtu anayekwenda shamba, wenzake wanamcheka.

Lakini raha yake kubwa ilikuwa gereji. Ndani ya gemu kila gari lina namba inayoonyesha uwezo wake, na mashindano ya pale bandani yalikuwa ya daraja la kati. Namba ikizidi kiwango, huingii. Ukifunga injini kubwa, namba inapanda, na lazima uishushe kwa kupunguza kitu kingine: matairi, breki, chochote. Wengi walijaza nguvu tu, kisha wakifika kwenye kona wanaparamia kuta. Zahoro alichukua kisaluni kidogo cha bluu ambacho hakuna aliyekitaka. Alikichezea zaidi ya mwaka. Alikipunguzia uzito, akalegeza springi za nyuma, akabadilisha gia, akatoka kukijaribu, akarudi tena gereji. Kwenye barabara iliyonyooka kiliachwa. Kwenye kona kilikwenda kama kinapita relini. Akaanza kushinda, na watu waliokuwa wanamcheka wakawa wanamuuliza wafunge matairi gani.

Hilo halikumpendeza Kondo.

Kondo anauza kava za simu pale stendi. Ni kijana mchangamfu, ana maneno, akiingia mahali watu wanasogea. Kabla ya kile kisaluni, yeye ndiye aliyekuwa akishinda. Jioni moja akaja na gari jeusi, pana, lenye injini ambayo ungeikuta kwenye daraja la juu kabisa. Namba yake ilisoma daraja la kati. Taa ya kuanzia ikawaka, gari jeusi likapotea.

"Hiyo namba siyo," Zahoro akasema.

"Namba unaiona hiyo hapo. Au macho yameungua na moto wa kuchomelea?"

"Injini hiyo haiingii kwenye daraja hili, Kondo."

"Mbona imeingia?"

Ilikuwa glichi, kosa la gemu lenyewe. Kondo alikuwa ameliona mtandaoni. Ukiwa gereji unachagua injini kubwa, halafu unarudi nyuma haraka kabla mashine haijamaliza kuhesabu. Injini inabaki, namba haipandi. Kondo hakumfundisha kila mtu. Alimfundisha anayemtaka, na anayemtaka alikuwa yule anayecheka akicheka yeye.

Zahoro alikwenda kwa Stellamaris. "Dada Stella, kataza kile kitu. Magari hayapimwi sawa tena. Mtu anakesha anarekebisha gari lake, mwingine anaiba namba kwa vidole viwili."

Stellamaris alikuwa anafuta skrini kwa kitambaa. Hakusimama. "Zahoro, mimi nauza muda. Watu wanakuja kumwona Kondo. Wewe nani anakuja kukuona?"

Maneno hayo yalimfikia Kondo kabla Zahoro hajavuka mlango. Kuanzia hapo ikawa mchezo wa kila siku. Kondo alikuwa akimwacha mbali, kisha anasimama karibu na mstari wa mwisho na kumngoja. Kisaluni cha bluu kinakuja mbio, kinakaribia, watu wanapiga makelele, "Fundi! Fundi! Kimbia fundi!" na kinapobakiza kidogo tu, gari jeusi linavuka mstari kwa rivasi. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka watu wakaacha kucheka gari, wakaanza kumcheka yeye usoni.

Zahoro angeweza kuacha. Anifa alimwambia hivyo kwenye simu: "Si gemu tu, baba? Acha." Lakini mchana kutwa alikuwa anainama juu ya vyuma vya watu wengine, na kile kisaluni ndicho kitu pekee alichokitengeneza mwanzo mpaka mwisho bila mteja kumwambia anatakaje. Hakuacha. Alifanya kibaya zaidi. Alimfuata Kondo dukani kwake.

"Nifundishe," akamwambia.

Kondo akamshika bega kwa upole. "Kaka, ungesema mapema. Mimi sina ubaya na wewe. Njoo Jumapili."

Jumapili banda lilijaa kuliko kawaida. Zahoro alidhani ni kwa sababu ya mashindano. Kondo akamkalisha mbele ya mashine, akamsimamia nyuma kama mwalimu.

"Ingia gereji. Chagua injini kubwa. Sasa hifadhi. Unaona ile alama inayozunguka hapo pembeni? Ikiwa inazunguka hivyo hivyo, zima swichi ukutani."

Zahoro akasita. "Mashine ikiwa inaandika, ukizima si inaharibika?"

"Hapo ndipo siri ilipo. Haiwahi kuhesabu namba."

Zahoro aligeuka kumtazama Stellamaris. Yeye alikuwa fundi, alijua umeme, na moyo ulikataa. Stellamaris alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuwa anajua, wote walikuwa wanajua. Alichukua simu yake na kujifanya anasoma.

Zahoro akanyoosha mkono, akazima.

Mashine ilipowaka tena ilimkaribisha kama mgeni. Ikamuuliza jina lake. Ikampa gari la kuanzia, lile wanalopewa wote. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, akarudi gereji, na gereji ilikuwa tupu, sakafu inang'aa. Hakuelewa upesi. Alikuwa bado anatafuta kisaluni chake wakati mtu wa nyuma aliposhindwa kujizuia, na banda zima likalipuka. Watu walianguka juu ya mabenchi. Simu tatu au nne zilikuwa zimeinuliwa juu yake tangu mwanzo.

"Fundi amejifomati!" Kondo akapiga kelele. "Amefuta kila kitu mwenyewe! Fomati! Fomati!"

Video ilimwonyesha tangu anaponyoosha mkono mpaka anapopangusa macho kwa kiwiko. Ilienda kwenye grupu za Kibaha, ikaenda Mlandizi, ikafika Kisarawe kabla yake. Mwisho wa mwezi alikuta arusi kwa jirani huko Maneromango, na shemeji yake Mfaume, kaka wa Anifa, alikuwa anazungusha simu kwa wanaume waliokaa kwenye mkeka. Anifa alikuwa amekwisha kuiona. Alicheka kabla hajajua ni nani, kisha akatambua shati.

"Ulilia kweli?" akamuuliza walipobaki wawili.

"Vumbi."

"Ndani ya banda?"

Anifa hakuuliza tena, lakini alimhurumia siku zote alizokaa pale, akimwekea chakula na kumtazama anavyokula, na Zahoro aliona heri angeendelea kumcheka.

Aliporudi Kibaha, mtu mmoja tu alimwita kwa jina lake. Huyo alikuwa Hussen, dereva wa bajaji, ambaye siku ya tukio alikuwa amempeleka abiria Ruvu. Hussen ndiye mchezaji mbovu kuliko wote waliokuwa wakija pale. Hakuwahi kushinda hata mara moja na wala haikumsumbua. Alikuwa na pikapu moja ya njano aliyoipaka maua mwenyewe, na kwenye kibao cha namba aliandika jina la marehemu mama yake, Sikuzani. Herufi zilimtesa siku nzima kwa sababu shule aliiacha mapema, na maneno ya Kiingereza ya gemu alikuwa akiyatambua kwa mahali yalipokaa tu.

"Njoo utumie akaunti yangu," alimwambia Zahoro. "Mimi nina pesa za gemu humo sizitumii, sijui hata kununua. Tengeneza gari lako tena humo humo. Nikija nitaendesha pikapu yangu, nikiondoka ni yako."

Zahoro akakubali. Alitengeneza kisaluni upya ndani ya gereji ya Hussen, kimekaa ubavuni mwa pikapu ya njano. Kazi ilikwenda haraka kwa sababu vipimo vyote vilikuwa kichwani. Hussen alikuwa akipita kati ya safari, anasimama nyuma yake na kusema, "Leo kimetulia zaidi ya jana," hata siku ambazo hakijabadilika kitu.

Lakini jina la Fomati halikuondoka. Wateja walimwita hivyo karakana. Mama wa kanisa aliyeagiza geti alimwita hivyo akidhani ndilo jina lake. Akiingia bandani mtu lazima amwonyeshe swichi ya ukutani. Usiku alikuwa akilala anafikiria jambo moja: si gari, wala si Kondo. Alikuwa anafikiria kitu gani kingewafanya wamtazame mtu mwingine.

Kikapatikana Jumamosi moja. Hussen aliingia na ufunguo wa bajaji kidoleni, amefurahi, akaketi karibu naye.

"Kaka, ile glichi ya Kondo, ya kweli siyo ile ya uongo, wewe umeshaijua?"

Kondo aliyekuwa upande wa pili akainua kichwa. Zahoro aliona midomo ya watu ikianza kujikunja, na kwa mara ya kwanza haikujikunja kwa ajili yake.

"Naijua," akasema.

"Niwekee kwenye pikapu basi. Nishinde hata mara moja tu, halafu uitoe."

"Lazima ufanye mwenyewe. Nitakuelekeza."

Akamtoa kwenye gemu, akampeleka kwenye mipangilio ya mashine, akamfikisha kwenye akaunti yake. Mashine ikaleta maandishi ya Kiingereza, mistari mitatu, na vitufe viwili chini.

"Inasemaje hapa?" Hussen akauliza.

"Inauliza kama uko tayari kuendelea."

"Nibonyeze kipi?"

"Cha kushoto."

Hussen akabonyeza. Pikapu ya njano ikafutika, na kisaluni cha bluu kikaenda nayo. Zahoro alikuwa anajua kwamba na chake kimo humo.

Walicheka kuliko Jumapili ile. Kondo alivuka mabenchi akaja kumpiga Zahoro mgongoni. "Huyu sasa ni mtu wetu!" Stellamaris naye alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Na Zahoro akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilimtoka tumboni, na mwili wote ukawa mwepesi. Hussen aliangalia nyuso moja baada ya nyingine, akitabasamu kidogo, akisubiri aelezwe. Hakuna aliyemweleza. Akaiweka pedi juu ya benchi taratibu na kwenda kwenye bajaji yake.

Wiki chache baadaye gemu lilipata apdeti. Watengenezaji walikuwa wameligundua kosa, na magari yote yaliyofungwa injini kwa glichi yakapandishiwa namba yake halali. Gari jeusi la Kondo halikuingia tena daraja la kati. Kondo alilitazama, akainua mabega, akasema gemu lenyewe limeshazeeka. Wakahamia kwenye gemu la mpira, na Zahoro akahama nao ingawa mpira haujui. Mabao yote aliyofungwa aliyacheka kwa sauti.

Hussen alihamisha maegesho. Zahoro alisikia kwamba anapaki hospitali ya Tumbi, kwenye foleni ya bajaji zinazongoja watu wanaotoka kuona wagonjwa. Mchana mmoja alipokwenda kufunga grili huko, alimfuata. Hussen alikuwa amekaa kiti cha mbele, anakula hindi la kuchoma.

"Hussen. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Lile la bandani."

Hussen akatafuna, akameza. "Yale maandishi. Yalikuwa yanasema nini?"

Zahoro hakutaka kumdanganya mara ya pili. "Yalisema ukibonyeza, kila kitu kitafutika na hakitarudi."

"Na wewe uliyasoma ukayaelewa?"

"Niliyaelewa."

Hussen akatikisa kichwa polepole. "Mimi nimekaa najiambia labda na wewe Kiingereza hujui. Labda umebahatisha tu, kama ninavyobahatisha mimi." Akalitupa gunzi la hindi nje. "Ungeniacha na hilo."

Mama mmoja mwenye kikapu akafika, akauliza kama bajaji inakwenda. Hussen akashuka, akampokea kikapu, akamsaidia kupanda. "Shikamoo mama. Tunakwenda wapi?" Akawasha, akageuza, akaingia barabarani.

Zahoro aliinua sanduku lake la vifaa. Grili zilikuwa bado hazijafungwa, na mwenye nyumba alikuwa amesimama getini anamwita.