Jina Lililotolewa Chini ya Picha

Studio ya video ilikuwa chumba kimoja kando ya njia ya kwenda sokoni, Newala, na mwenyewe alikuwa mama wa Kimakua aliyepanda huku kutoka Masasi na cherehani zake. Alishona miaka mingi kabla ya kushika kamera. Biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, mitumba ikaja kwa marobota na watu wakaacha kushonesha. Yeye akasema wataacha kushonesha magauni lakini hawataacha kufanya sherehe. Akauza cherehani zote isipokuwa moja, akanunua kamera ya mkanda na kompyuta. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Alinichukua kwa sababu ya ukimya wangu. Alisema mtu mkimya hachoki kukaa na mashine.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha picha. Ukishapanga vipande, kompyuta ilipaswa kupitia kila picha uliyoigusa na kuitengeneza upya, kisha kuzibana zote ziingie kwenye CD. Wengine waliita kurenda. Sisi tulisema inapika. Sherehe moja iliweza kupikwa tangu asubuhi hadi jioni, na umeme ukikatika unaanza tena mwanzo.

Nilijifunza kuiharakisha kwa kujaribu. Nilifunga programu nyingine zote. Nilizima kidirisha kilichoonyesha picha wakati wa kupika, maana mashine ilikuwa ikihangaika kutuonyesha kazi badala ya kuifanya. Tulipopata diski ya pili, niliweka picha za mikanda kwenye moja na kuiambia programu iandike kwenye nyingine. Niliuvua ubavu wa kompyuta nikauelekezea feni ya mezani, na vumbi jekundu likawa kazi yangu ya kila Jumamosi. Kila badiliko nililipima kwa kipande kilekile kifupi, nikitazama saa ya ukutani. Mama alilipenda sana jambo hilo. Alisema ndivyo fundi anavyopima mwili kabla ya kukata kitambaa.

Kitu kimoja hatukukigusa: kupunguza watu. Siku wali, wasichana waliofundwa, wanapotolewa unyagoni, kila shangazi na kila jirani huja akicheza kumtunza mwali, mwenye kanga, mwenye sabuni, mwenye noti ya kumbandika kichwani. Aliyetunza lazima aonekane kwenye CD, tena uso na zawadi yake. Ukimkata mmoja, ukoo mzima utapanda studio.

Siku ninayoikumbuka zaidi alikuja baba mmoja, mlinzi wa usiku Dar es Salaam. Binti yake alikuwa ametolewa juzi yake, katika kijiji kilicho kando ya barabara ya kushukia Masasi. Baba alikuwa ameondoka Dar mapema ili aiwahi siku ile, lakini basi liliharibika njiani, kwenye ule mchanga wa kusini, wakalala huko wakisubiri kifaa. Alifika sherehe imekwisha. Mjomba wa mtoto alikuwa amesimama mahali pake. Na ruhusa ya kazini ilikuwa imeisha: jioni hiyohiyo gari la Masasi lingemchukua pale kijijini, na alfajiri apande basi la Dar.

Mama alimkaribisha maji, akamwambia angeweza kuitazama pale studio kwenye kompyuta, hata kama haijapikwa.

Yule baba alikishika kikombe bila kunywa. "Nikiitazama hapa nitakuwa nimeona peke yangu," alisema. "Mama, mimi nataka nikae mkekani na mwanangu, wakwe zangu wakiwapo. Akitokea, nimtunze. Waone kwamba nimemtunza."

Akaeleza kwamba tangu alipofika shemeji zake walikuwa wakimtania. Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mume anayehamia kwa wakwe huitwa jogoo wa kuja. Wao walimwambia kuna jogoo wa kuja na kuna jogoo wa simu. Alicheka alipolisema, lakini macho yake yalikuwa kwenye skrini.

Ile kazi ilikuwa inapikwa tangu asubuhi, na ule mstari unaoonyesha ilipofika haukuwa hata robo. Baba alimuuliza mama kama itawahi. Mama akaniuliza mimi. Nikatikisa kichwa.

"Basi tafuta panapokwama," mama akaniambia.

Nikaisimamisha. Kwanza tuliondoa maua yaliyoruka kati ya kipande na kipande, na mioyo iliyofunguka kama mlango. Wateja waliyapenda, lakini yule baba alisema hakufuata maua. Nikapima kipande changu: nafuu ndogo. Nikaangalia rangi, nikaangalia sauti. Hamna kitu. Kisha nikajaribu jambo ambalo nilikuwa nalihisi kwa muda nisithubutu kulisema. Nilipika kipande kile bila jina.

Jina la studio lilikuwa limeandikwa chini ya picha, njano, pamoja na namba ya simu, kutoka mwanzo wa CD hadi mwisho wake. Mama alilichagua mwenyewe, hata mkunjo wa herufi. Lilikuwa kibao chake na kufuli lake pia, maana mwaka wa nyuma studio ya ng'ambo ya barabara ilichukua harusi aliyoipiga yeye bila jina, ikaiuza sokoni kama yake, na akapoteza wateja.

Bila jina, kipande kilipita kabla sijageuka kutazama saa. Sababu ilikuwa wazi: picha isiyoguswa mashine huipitisha kama ilivyo, inaibana tu iingie kwenye CD. Lakini jina liliigusa kila picha, kwa hiyo zote zilifumuliwa na kushonwa upya, hata zile za vumbi tupu la uwanjani.

Sikujua namna ya kumwambia. Nilimwonyesha tu, mara ya kwanza na jina, mara ya pili bila jina. Yeye akatazama, akaelewa. Nje mtu alikuwa akitangaza dawa ya panya. Yule baba hakuelewa tunachotazama, naye mama hakumweleza.

"Litoe," alisema.

Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama tulibakize mwanzoni tu. Akasema mwanzoni libaki, lakini anajua watu huruka mwanzo wakaenda kwenye ngoma. "Nilikuwa nafumua gauni zima kwa ajili ya lebo," akasema, kisha akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona sare ya mtoto wa mtu.

CD ilitoka jua likiwa bado kali. Kwa kuwa deki nyingi zilikataa CD za kuchoma, mama alinipa deki ya studio, akanituma niende na yule baba. Akalipa pikipiki kutoka mfukoni mwake.

Kijijini televisheni iliwekwa barazani, jenereta nyuma ya nyumba. Mwali alikaa mkekani, bado anang'aa mafuta, na baba yake akakaa kando yake. Shemeji mmoja akauliza kama mgeni ameletewa kiti au atalindia mlangoni. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kisha wali wakatokea kwenye skrini wamebebwa mabegani chini ya miavuli, na yule baba akainuka.

Alifungua begi lake akatoa doti ya kanga iliyokuwa imekunjwa kwenye gazeti. Alicheza hatua zilezile walizokuwa wakizicheza mashangazi kwenye televisheni, polepole, mtu mzima mwenye viatu vya kazi, akamfunika binti yake mabegani. Vigelegele vya kwenye CD na vya barazani vikachanganyika. Yule shemeji mtani alikuwa wa kwanza kusimama kumpisha, akasema, "Haya, jogoo amewika."

Waliirudia sehemu ile. Katikati ya kuirudia bibi mmoja akaniuliza nani amepiga picha safi namna hii, mbona hapakuandikwa. Wengine wakageuka. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wengi kiasi kile. Hata shuleni nilikuwa nikijibu nimetazama dawati. Nikasimama karibu na deki, nikalitaja jina la studio, nikataja na mahali ilipo. Bibi aliweka mkono sikioni. Nikalitaja tena, kwa nguvu zaidi.

Gari la Masasi likapiga honi. Baba akaichukua CD, akaiweka ndani ya shati, si kwenye begi.

Niliporudi mama alikuwa anafagia vipande vya nyuzi. Hakuniuliza kama wateja wamelijua jina. Aliuliza kama mashangazi wote wameonekana.

"Wote," nilimwambia, "na baba yake pia."