Ndeke ya RAM Nne

Mume wangu alistaafu akiwa na disketi nne na hana kompyuta, kama mtu aliyepewa tandiko kabla ya punda. Disketi hizo alipewa na rubani mmoja siku ya kuagwa, pale kwenye kiwanja kidogo cha ndege karibu na Mtito Andei ambako alifanya kazi miaka ishirini na miwili. Rubani alimwambia kwamba ndani yake mna ndege nzima, na kwamba mtu akiitia kwenye kompyuta ataketi kitini mwake na kuirusha atakavyo. Mume wangu aliamini. Alizifunga kwa karatasi ya nailoni akaziweka kabatini pamoja na hati ya shamba letu la Migwani.

Mimi nilitaka tangi la maji. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mvua imetukimbia misimu miwili, na mimi, mwalimu mzima wa darasa la nne, nilikuwa napanga foleni kisimani pamoja na wanafunzi wangu. Halafu mtu anapokea kiinua mgongo na kuanza kuzungumza juu ya kompyuta! Nilinuna wiki nzima. Nilimpikia, ndiyo, lakini kwa kugonga masufuria.

Kilichonilainisha ni daktari wa macho. Tulikwenda kwake mjini Kitui tukidhani ni mambo ya miwani, akatuambia ni presha ya macho, na kwamba vitu vidogo vimeanza kumpotea mume wangu na dunia yake inafungwa kutoka pembeni kuja katikati. Alimpa mwaka mmoja wa kuona, pengine miwili. Mume wangu alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi. Mimi nilitoka nje nikalia karibu na bomba.

Nililia kwa sababu nilijua jambo ambalo daktari hakulijua. Zamani, mume wangu akiwa kijana, rubani alijitolea kumpandisha ndege amzungushe bure. Alikuja nyumbani kuniambia, amechangamka mno. Nilikuwa na mimba yetu ya kwanza, nikamwambia akipanda kile kitu asirudi kwangu. Hakupanda. Alitia mafuta katika ndege za watu miaka yote hiyo, akaziona zikiondoka, na hakupanda hata moja. Wala hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko lawama.

"Twende tukatafute hiyo ndeke yako," nilimwambia. Ndeke ndiyo ndege kwa Kikamba chetu.

"Na tangi, mwalimu?"

"Tangi lina macho? Lingoje."

Sasa, kwetu mtu hanunui kitu cha bei ya ng'ombe bila kuandamana na anayejua kuchagua. Tukamchukua shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa ametunza kondoo huko Kiboko nusu ya maisha yake. Hakuwahi kugusa kompyuta, lakini hakuna aliyeona kwamba hiyo ni kasoro. Alivaa koti lake la mnadani akachukua na fimbo.

Duka lilikuwa mjini Kitui, limebanana na buchari, na nyuma yake mbuzi walikuwa wanalia wakingoja zamu yao. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alituambia kompyuta zake ni redimedi, zimekuja zimekamilika kutoka Nairobi, mtu anachomeka tu na kuwasha. Shemeji hakumsikiliza. Aliizunguka ya kwanza mara mbili, akaiinua upande mmoja kupima uzito, akaipiga ubavuni, kisha akainama na kuchungulia ule mdomo wa kutilia disketi.

"Meno yako wapi?" aliuliza.

"Haina meno, mzee."

"Bado changa," shemeji alituambia kwa Kikamba, ameridhika.

Mume wangu yeye alisimama mbele ya vioo vya kompyuta. Kulikuwa na kidogo cha inchi kumi na nne na kikubwa cha kumi na saba. Mbele ya kile kidogo aliinamisha kichwa huku na huku kama kuku. Mbele ya kile kikubwa alitulia. Nilijua hapo hapo kwamba tumekwisha, maana kile kikubwa kilikuwa kinapita uwezo wetu.

"Hii ya huku iko na RAM nane," kijana alieleza, maana tulikuwa tumemwonyesha disketi. "Ile ingine kumi na sita. Kwa mambo ya ndege mimi ningewashauri kumi na sita, lakini hata nane itajaribu."

Shemeji alinivuta pembeni. Alikuwa ameandika neno hilo katika daftari la zizi miaka na miaka: ram, kondoo dume. Mimi nami nilikuwa nimelifundisha, hata kulichora ubaoni likiwa na pembe. Na msinicheke. Shuleni kwetu wazazi walilipa karo kwa mbuzi, hapo dukani mbuzi walikuwa wanalia nyuma ya ukuta, na kijana ametaja idadi bila kusita. Kwangu ilikuwa bei.

"Nane ni mingi," shemeji alimwambia. "Huu ni mwaka wa kiangazi, kijana. Sisi tutatoa nne."

"Mtoe nne?" Kijana alishangaa. "Mzee, mkitoa nne itabaki inaenda pole pole sana."

"Hata sisi hatuna haraka."

"Ndege itakuwa inakwamakwama."

"Usitutishe. Tunatoa nne, na hatuongezi hata mkia."

Kijana alinitazama mimi, kwa kuwa nilionekana msomi. Niliitikia kwa kichwa, tena kwa ukali, ili asidhani atatupata kupitia kwa mwanamke. Akavuta pumzi, akachukua bisibisi, akaifungua ile kompyuta mbele yetu, akachomoa kipande cha kijani chenye urefu wa kidole, akakiweka mezani.

"Haya. Nimetoa nne."

"Umetoa wewe?" shemeji alipaza sauti. "Wa kutoa si ni sisi?"

Mbuzi walilia huko nyuma. Nilikitazama kile kipande, ambacho kumbe ndicho RAM, kumbukumbu ya kompyuta, nikaitazama ile kompyuta iliyo wazi tumbo, na neno "kutoa" likanigeukia kichwani taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Nilitamani kuingia chini ya meza. Mwalimu mzima wa Kiswahili! Kijana, ambaye mpaka leo namwombea heri, hakucheka. Alisema tu kwamba kwa kuwa tumepunguza, bei ya shilingi imeshuka, na kilichopungua kinatosha kabisa kubadilisha kioo kidogo kwa kile kikubwa.

Mume wangu hakuwa amesikia jambo lolote la kondoo. Alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kile kioo cha inchi kumi na saba, kila upande kimoja, akigusa kingo zake.

"Mwalimu," alisema, "hii naiona yote."

Basi tukachukua hiyo. Shemeji alisimulia Migwani nzima jinsi alivyotuokolea kondoo wanne, na sikuwahi kumsahihisha kwa sababu hesabu yenyewe sikuielewa vizuri.

Nyumbani tuligundua kwamba umeme ulikuwa wetu tu wakati kinu cha posho jirani kimenyamaza. Kinu kikiunguruma, kioo kilizimika na ndege ikapotea na abiria wake wote. Kwa hiyo mume wangu akawa anakwenda kuuliza kwa adabu ni akina mama wangapi bado wana mahindi, kisha anarudi kuruka. Kijana wa tai alikuwa amesema kweli kuhusu kukwamakwama. Picha moja ilikuja, ikakaa kama mgeni asiyeaga, kisha ikaja nyingine. Mimi ningevunja kitu. Yeye alizitazama moja moja, bila haraka, na alipoinuka angani mara ya kwanza alisema "Aiya!" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu arusi yetu.

Shida ilikuwa kutua. Hakutua. Alizunguka juu ya uwanja, akazunguka tena, mpaka mafuta yakaisha na ndege ikaanguka, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Shemeji alilaumu RAM. Mimi nilidhani ni macho, na moyo uliniuma. Mwishowe alasiri moja nikaketi kando yake nikamwuliza kwa nini hateremki.

"Nani amefukuza wanyama?" aliniuliza.

Nilicheka, kisha nikauona uso wake. Kumbe zaidi ya mafuta hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: ndege ikitokea, yeye alikimbia uwanja mzima akifukuza pundamilia na ngiri, ndipo ananyoosha mkono juu na rubani anashuka. Humu ndani hakukuwa na mtu wa kunyoosha mkono.

"Iko na mafuta kidogo," alisema. "Na mimi siwezi kushukia mnyama."

Nikainuka. Nilichukua ufagio, nikaenda nyuma ya meza, nikapiga makofi na kukemea pundamilia katika sebule yangu, "Tokeni! Haya, tokeni hapa!", nikamfukuza ngiri mmoja mkaidi mpaka mlangoni, ambako shemeji alikuwa ndiyo kwanza anabisha hodi. Alirudi nyuma hatua tatu. Sikumjali. Nilisimama mbele ya mume wangu nikanyoosha mkono juu.

Akashuka. Nilirudi mbio kutazama. Picha ikaja, ikakaa, ikaja nyingine, ardhi ikawa karibu, kisha kioo kikasimama kabisa na maneno madogo ya Kiingereza yakajitokeza katikati: ndege imeanguka, hakuna aliyepona.

Mume wangu aliinamia kioo, akapepesa macho. Herufi zilikuwa ndogo mno kwake.

"Imeandika nini, mwalimu?"

"Imeandika umefika salama," nilimwambia.

Aliondoa mikono mezani akaikunja mapajani, machozi yakamtoka. Jumapili iliyofuata nilishiriki Meza ya Bwana, na sikutubu.