Chai ya Wakwe kwa Maji ya Nkoma

Jamani, mimi nimewahi kujikojolea mbele ya wakwe, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, mchana kweupe, tena nimevaa gomesi ya kuazima, lile gauni refu la heshima la Uganda (hapo ndipo panapouma, maana ilibidi niirudishe). Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka, ila mnivumilie mpaka mwisho, kwa sababu gomesi ile ndiyo iliyokuwa sehemu nyepesi ya siku ile.

Ilikuwa miaka ya utawala wa wanajeshi. Mume wangu Musa alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo Jinja, tukikaa Walukuba, mashine zikafa kwa kukosa vipuri, tukahamia Mbale, tukapata vyumba viwili Nkoma, kwenye safu ya nyumba zinazotumia bomba moja la uani. Jinja tulizoea maji laini, sabuni unaigusisha tu povu linajaa karai. Nkoma pampu ya mji ilikuwa imeharibika, bomba letu likawa linaletewa maji ya kisima kirefu, maangavu ukiyatazama, lakini magumu, magumu kabisa. Sabuni haitoi povu, inaganda utando wa kijivu juu ya maji. Shati la Musa likikauka linasimama lenyewe. Maharage unayabandika asubuhi, saa nane bado yanagonga sufuria kama kokoto na makaa ndiyo yanakwisha. Na ndani ya birika ukoko mweupe unajijenga, kila siku unanenepa, mpaka maji ya chai yanachukua muda mrefu mno kuchemka. Sabuni yenyewe madukani ilikuwa haionekani, na sisi tunaitumia mara tatu ya watu wengine.

Basi mdogo wangu Rehema, tuliyekuwa tukiishi naye, akapata mchumba, Juma, dereva wa lori kule Jinja. Kijana mpole, tulimpenda. Mjomba wake ndiye hatukumtaka, kwa sababu alikuwa afande wa kambi ya Kimaka, lakini nani miaka ile angemwambia afande abaki nyumbani? Siku ya posa wakaja watano: Juma, mama yake, huyo mjomba, na askari wake wawili wenye bunduki waliosimama mlangoni. Walileta sukari na mche mzima wa sabuni, nikaupokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Makaa yalikuwa machache, nikaona birika itanichelewesha, nikachukua kisu nikakwangua ule ukoko. Nikasuuza, nikasuuza tena, nikajiona mjanja. Kumbe vipande vilivyolegea vilibaki vimeng'ang'ania chini na kwenye mdomo wa birika, vikangoja moto.

Nikamimina chai ya rangi. Afande akanywa funda la kwanza, la pili, akaanza kutafuna (mimi nikadhani ni sukari haijayeyuka, nikatabasamu). Akatema kiganjani. Chembe nyeupe. Akatazama kikombe, utando unaelea juu.

"Wewe mama," akasema taratibu, "nini hii?"

"Ni maji ya huku, afande," Musa akadakia.

"Mimi nauliza yeye. Maji gani iko na mawe? Umetia nini?"

Mama yake Juma akaweka kikombe chake chini kama amegusa nyoka. Afande akanionyesha birika kwa kidole. "Kunywa. Yote."

Nikanywa. Birika ya watu sita, chai ya moto, kikombe baada ya kikombe, chembe zinasaga menoni, Rehema analia kwenye mlango wa chumbani, na afande anatazama saa yake kuona kama nitakufa. Sikufa. Ila tumbo likajaa, nikaomba ruhusa nitoke uani, akasema, "Kaa hapo hapo." Nikakaa. Nikabana miguu, nikabadili mkao, nikatazama dari. Halafu ikatoka yenyewe, jamani, ikateremka kwenye kiti mpaka sakafuni, na sakafu yetu ilikuwa na mteremko, ikaelekea kwenye viatu vya mama yake Juma. Askari mmoja akacheka. Juma akainamisha kichwa.

Ningenyamaza hapo, mkasa ungeishia hapo. Lakini aibu ilinipandisha wazimu, nikataka nionekane mkweli, nikafungua mdomo: "Afande, birika zote za safu hii ziko hivi hivi! Muulize jirani, muulize Mwalimu Mafabi!"

"Haya," akasema. "Tuone."

Askari wakaingia nyumba moja baada ya nyingine. Birika zikatolewa zikapangwa uani na wenyewe wamesimama nyuma yake, wamama na watoto. Afande akafunua kifuniko kimoja kimoja. Ndani nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Nilikuwa nimeshinda, mnaona? Nikavuta pumzi. Na hapo ndipo nikaona sura ya mtu mwenye bunduki aliyegundua kwamba amekosea mbele ya watu.

Alihitaji mtu wa kutia hatiani, na alimpata, maana Mafabi, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yetu wa mlango wa tatu, hakutolewa na birika peke yake. Chini ya kitanda chake walikuta katoni ya sabuni kutoka Kenya, ya magendo. Safu nzima tulinunua kwake, hata mimi, kwa sababu maji yale yalikuwa yanakula sabuni kuliko tunavyokula sisi posho, ugali wetu.

"Nani mwingine anajua habari ya hii sabuni?" afande akauliza.

Sote tukatazama birika zetu. Mafabi akanitazama mara moja tu, hakumtaja mtu. Wakampakia kwenye gari na katoni yake. Mche wetu nao wakauchukua, na sukari. Mama yake Juma aliondoka bila kuaga, na habari ya posa hatukuisikia tena. Rehema hakunilaumu, alikunja nguo zake akaenda kukaa kwa shangazi.

Mke wa Mafabi, Nambozo, hakuzungumza nami. Tukikutana bombani alikuwa akiondoa ndoo yake hata kama haijajaa. Nilimpelekea unga, nikaukuta asubuhi mlangoni kwangu.

Mafabi alirudi msimu wa mvua ulipokwisha, amekonda, sikio moja halisikii, na shuleni hawakumtaka tena. Mimi nilikuwa nafagia. Nikafikiri atapita. Akasimama, akanisalimia yeye kwanza: "Mama, mmeamkaje? Watoto hawajambo?" Nikashindwa kuitikia, ufagio mkononi, nimeduwaa kama mjinga, yeye akangoja jibu, na kwa vile sikio lake lilikuwa bovu akadhani nimejibu, akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Tangu siku ile mtu yeyote akiniuliza juu ya jirani yangu, hata akiwa na nia njema, hata akiuliza tu nyumba yake ni ipi, nasema simjui. Wengine wananiona nina roho mbaya. Waache waone hivyo.