Kata ya Mbege na Mizinga ya Kituo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu kule Machame ambayo hainitoki kichwani. Ilikuwa wakati wa Ujamaa, sukari kwa foleni, nami nilikuwa mlinzi kwenye kituo cha chuo kikuu kinachochunguza nyuki na wadudu wengine wanaochavusha kahawa na maharage yetu. Silaha zangu fimbo na mdomo. Mdomo ndio uliofanya kazi.

Mizinga aliihudumia rafiki yangu Elirehema. Sheria ya kituo ilikuwa moja: ukinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, usisogelee nyuki, harufu ile inawapandisha hasira. Siku hiyo akaja kutoka nyumbani kwao, kwenye sherehe ya ubatizo wa mpwa wake, ananukia mbege.

"Shemeji, leo kaa huku na mimi," nikamwambia, kwa jina letu la utani.

"Hawa wananijua. Sukari ya foleni wanalishwa wao, mimi chai nakunywa bila."

Nikacheka. Akaenda.

Nyuki walimfunika kichwa chote. Tukapuliza moshi, tukammwagia maji, gari likamchukua. Mjini Moshi hakufika mzima.

Kesho yake baba zake wadogo wakaja na mapanga na mafuta ya taa, wachome mizinga yote. Mimi pale getini, utani umenikauka. Baba yake, Mzee Anaeli, akawazuia kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niambie kweli. Alikuwa amekunywa?"

Nikisema ndiyo, namchafua marehemu. Nikisema hapana, moto unawaka.

"Hakulewa, mzee. Ila alikuwa amekunywa."

Mzee akakaa chini kwenye majani yenye umande. "Alinikatalia," akasema. "Alisema ana kazi. Nikamwambia, mtoto hakatai kata ya mbege ya baba yake." Kisha akawageukia wadogo zake: "Rudini nyumbani na mafuta yenu."

Wakabeba mapanga yao, wakarudi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini mimi nimemzika aliyesikia. Heshima si utumwa, mwanangu. Mkubwa akikupa kata na mbele yako kuna kazi ya hatari, ipokee kwa mikono miwili, gusisha mdomo, iweke chini. Akinuna, anune, kununa kunapona.

Na Mungu akujalie wakubwa wanaokuuliza kwanza unakwenda wapi, ndipo wakumiminie.